Kwa Nini Tulimpa Yule Kura

Julai 2020, siku chache baada ya kura za maoni za Chama Cha Mapinduzi (CCM), ambapo wajumbe wa chama huwapigia kura wanaotaka kukigombea, vijiweni na mitandaoni kulikuwa na msemo mmoja: wajumbe si watu. Ulianzia kwa watia nia waliorudi nyumbani na kura mbili, moja, wengine bila hata moja, ilhali walishaahidiwa kura za kumwaga. Mimi nilikuwa mjumbe. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi hapa Tlawi, kando ya ziwa letu dogo juu ya mji wa Mbulu, na katika chama nimekuwa katibu wa tawi kisha kiongozi wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama, kwenye kata. Msemo ule uliniuma. Unamfanya mjumbe aonekane kama mtu wa kula kwa huyu na kumpa yule, asiye na sababu yoyote kichwani. Sababu tunazo. Nyingine ni nzuri, nyingine si nzuri, ila mtu akitaka kujua kwa nini mgombea fulani anaingia ukumbini akiwa ameshashinda, sisi wajumbe ndio wa kuulizwa.

Nianze na msiba, kwa sababu majina mengi ya siasa nimeyaona yakizaliwa hapo. Huku kwetu mtu akifariki jembe linawekwa chini. Vijana wanakwenda kuchimba kaburi, kina mama wanafika na kuni, maji na unga, wazee wanakaa upande wao wakiwa wamejifunika mablanketi, maana baridi ya Mbulu haina huruma hata saa sita mchana. Baada ya mazishi mtu mmoja anasimama na daftari la rambirambi na kuanza kusoma. Hapo kelele zote zinakoma. Watu wanasikiliza majina kwa makini kuliko walivyosikiliza mahubiri. Nani ametuma, nani amekuja mwenyewe, nani ana mji wake hatua chache tu kutoka hapa na hakuonekana. Jina la kijana aliyeko Dodoma linasomwa na shilingi elfu kumi, wazee wanatikisa kichwa. Miezi minne baadaye linasomwa tena, kwenye msiba wa watu ambao si ndugu zake, na mara hii yeye mwenyewe yupo, amekunja suruali, ameshika koleo. Hakuna aliyesema neno la siasa. Lakini siku huyo kijana akichukua fomu, hatahitaji mtu wa kumtambulisha Tlawi.

Mwaka mmoja wa uchaguzi nilihudhuria mazishi ambapo mtia nia kutoka Dar es Salaam alitoa kiasi ambacho hatujawahi kukisikia kikisomwa. Familia ilishukuru, na ilishukuru kwa dhati kwa sababu ilikuwa na deni la hospitali. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami, ambaye kijiji kizima tunamwita aama, aliniinamia akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni mtoto wa nani?" Nikamweleza. Akafikiri, kisha akasema, "Mama yake alipozikwa, alikuja siku moja akaondoka kabla ya matanga." Ilikuwa zaidi ya miaka kumi imepita. Kura za maoni zilipofika, yule bwana aliambulia kura chache sana katika eneo letu, na wapambe wake wakasema tumehongwa na wengine.

Mtu anayeishi mjini anaweza kuona hii ni chuki ya kijiji. Mimi naiona ni njia ya watu wasio na nyaraka za kumpima mtu. Mjumbe wa Tlawi hawezi kuukagua wasifu wa mtu mwenye shahada tatu, wala hana namna ya kujua kama kweli aliwahi kuongoza kampuni aliyoitaja. Anachokijua kwa uhakika ni kama mtu huyo huonekana pasipo na faida. Kwa hiyo anakitumia hicho.

Marehemu baba yangu alikuwa akinisimulia uchaguzi wa 1960 kama wengine wanavyosimulia vita. Alikuwa na haki ya kupiga kura kwa kuwa alijua kusoma na kuandika Kiswahili. Wakati ule kura haikuwa ya kila mtu. Ilibidi ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au uwe na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au uwe na cheo kinachotambuliwa. Agosti ya mwaka ule Tanganyika ilichagua wajumbe 71 wa Baraza la Kutunga Sheria. Majimbo 58 TANU, chama kilichotangulia CCM, ilipita bila kupingwa. Katika 13 yaliyobaki ilishinda yote isipokuwa moja, na hilo moja lilikuwa Mbulu. Mgombea rasmi wa TANU hapa alikuwa Chifu Amri Dodo wa Wagorowa, mtu mwenye heshima yake na mwanachama aliyekipigania chama. Herman Elias Sarwatt, naye mwana TANU, aliamua kusimama kama mgombea huru. Alikuwa Mwiraqw katika wilaya ambayo Wairaqw ndio wengi, na jina la Sarwatt watu walilijua tangu enzi za utawala wa machifu. Akashinda. Hakuleta chama kingine wala sera nyingine. Alipofika barazani alikaa upande wa TANU.

Baba alilieleza hivi: "Chama kilituletea jina, na sisi tulikuwa na jina letu." Alilisema kwa fahari. Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kuiona pia sehemu ambayo fahari yake iliifunika. Wilaya ile ya Mbulu ilikuwa na Wairaqw, Wagorowa, Wadatoga, Wambugwe na Wahadzabe. Mgombea aliyezaliwa upande wa wengi alianza mbio akiwa mbele, kabla hajafungua mdomo. Amri Dodo angeweza kuwa bora mara mbili na bado angeanza nyuma. Hilo lipo hadi leo. Kwenye kura za maoni ndani ya jimbo moja wote tunaweza kuwa Wairaqw, lakini hesabu inahamia kwenye koo, kwenye upande wa wilaya, kwenye dhehebu: huyu ni wa Daudi, yule wa Kainam, huyu Mkatoliki, yule Mlutheri. Watu hawayasemi jukwaani. Wanayasema njiani wakirudi nyumbani.

TANU iliuona ugonjwa huo mapema. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, mkutano mkuu wa wilaya ulipiga kura za kuwapendekeza wagombea, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo, mmoja akapewa alama ya nyumba na mwingine jembe. Walizunguka pamoja kwenye mikutano ileile. Kuzungumza lugha ya kabila kulikatazwa, kutaja kabila au dini kukakatazwa, na hakuna aliyeruhusiwa kusema Mwalimu Nyerere yuko upande wake. Mwaka huo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika wa pamba Usukumani, aliangushwa Mwanza. Mimi naamini kanuni zile zilisaidia sana. Lakini zilitawala yanayosemwa mkutanoni tu. Jikoni, shambani, kilabuni na nje ya kanisa baada ya misa, jina linaendelea kujengwa kwa lugha ya mama.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wageni wengi wa siasa hulipita bila kuliona, nalo ndilo linalompa mgombea nafuu kuliko misiba na ukoo. CCM ina uchaguzi wake wa ndani kila baada ya miaka mitano: 2007, 2012, 2017, 2022. Unaanzia shina, unapanda tawi, kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Kila mmoja wa viongozi wanaopatikana huko, pamoja na wa jumuiya za UWT, Vijana na Wazazi, anaweza baadaye kuwa mjumbe wa mkutano unaopiga kura za maoni. Angalia mfuatano wa miaka. Anayechaguliwa 2017 ndiye anayepiga kura 2020. Mwanasiasa mwenye akili anafanya kampeni yake ya ubunge 2017, bila kutaja ubunge. Anamsaidia fulani kupata ukatibu mwenezi wa kata, anamsemea mwingine kwenye UWT, anamlipia nauli wa tatu aende mkutano wa wilaya. Huko ndiko kupanga safu. Miaka mitatu baadaye, mtia nia mpya anaposhuka na begi lake la vyeti, anawakuta watu ambao kila mmoja wao ana deni la fadhila kwa mwingine.

Nililiona hili kwa macho yangu. Mwaka 2010 chama kilikuwa kimeruhusu wanachama wote wenye kadi wapige kura za maoni kwenye matawi yao, na 2015 ikawa hivyohivyo. Nilikuwa na daftari la wanachama mezani. Watu walitoka mbali kwa miguu, kadi zimefungwa kwenye ncha ya khanga au zimekunjwa ndani ya Biblia. Kuna walioikuta ada yao imelipwa na mtu wasiyemjua, mkupuo mmoja, siku chache kabla. Kampeni ya namna hiyo ilihitaji jina linalojulikana na kila mtu, kwa sababu wapiga kura walikuwa wengi na huwezi kukaa nao mmoja mmoja. Mwaka 2020 kura zikarudishwa kwa wajumbe. Chama ni kilekile, kijiji ni kilekile, lakini aliyekuwa na nafuu 2015 hakuwa lazima awe na nafuu 2020. Mtu maarufu sokoni na kwenye redio aligundua kwamba mashabiki wake hawana kura. Mwingine ambaye mtaani hata hawamsalimii kwa jina aliwajua wajumbe wote, watoto wao wanasoma wapi, na nani ana shinikizo la damu. Wanaotaka kujua nani anapendwa zaidi jimboni waanze kwa kuuliza nani anapiga kura.

Jirani zetu wa Hanang walitupa somo hilo kabla. Mwaka 2012, kwenye uchaguzi wa ndani, Frederick Sumaye aligombea ujumbe wa Halmashauri Kuu ya Taifa kupitia wilaya hiyo. Huyu ni mtu aliyekuwa mbunge wa Hanang hadi 2005 na Waziri Mkuu wa nchi kwa miaka kumi. Hakuna mtoto wa shule Tanzania nzima wa wakati ule asiyemjua. Akashindwa na Mary Nagu, aliyemrithi ubunge 2005 na ambaye wakati huo alikuwa mbunge na waziri. Watu wa mbali walishangaa. Sisi tulioko karibu hatukushangaa sana. Jina la Sumaye lilikuwa kubwa nchini, lakini miaka saba tangu atoke madarakani ni mingi kwa mjumbe wa tawi. Wajumbe wa Katesh na Bassotu walikuwa wanamwona mbunge wao kwenye vikao, wanampelekea shida zao, wanapokea simu yake.

Hapo ndipo aliyeko madarakani anapowazidi wengine. Mbunge ni mjumbe wa vikao vya chama na vya halmashauri, anaitwa kwa nafasi yake, hahitaji kisingizio cha kuja. Tangu sheria ya 2009 kuna Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Mabati ya zahanati, saruji ya choo cha shule, mabomba ya maji: fedha ni ya serikali, ila siku ya kukabidhi anayekata utepe anajulikana. Mpinzani wake ndani ya chama hana utepe wa kukata. Wanaomtaka mbunge mpya hulalamika, na wana haki. Lakini mbunge aliyelala naye anajikuta utepe umemgeukia, kwa sababu kila mjumbe anajua ni darasa gani liliahidiwa na bado lina kuta tupu.

Sitaki kupita kwenye fedha haraka, kwa sababu nikifanya hivyo mtasema mjumbe anajificha. Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa mwaka 2000 iliruhusu kitu kilichoitwa takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Aprili 2006 Mahakama Kuu iliifuta baada ya mashirika ya haki za binadamu kufungua kesi. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo iligusa hadi kura za maoni za vyama. Bahasha hazikuisha. Zilihama kutoka mchana kwenda usiku. Nimeona zikitolewa, na nimeona wanaozikataa na wanaozipokea. Mama mwenye watoto watano, mahindi yameungua na jua, ukimpa elfu ishirini saa tatu usiku, kumwita msaliti wa demokrasia ni rahisi kwa aliyeshiba.

Nilichojifunza ni kwamba fedha haifanyi kazi sawa kwa wote. Mgombea mwenye jina jema akitoa, watu wanasema ametukumbuka. Asiye na jina akitoa kilekile, watu wanasema anatununua, wanakula, na kura wanampa mwingine. Ndiyo maana wengi hulia kwamba wametumia mamilioni na wamepata kura tatu. Hawakuibiwa. Walidhani bahasha inaanzisha uhusiano. Anayeumia kabisa ni wa tatu, mwenye jina jema na asiye na kitu. Nilikuwa na mwalimu mwenzangu, mtu aliyefundisha nusu ya wajumbe waliokuwa ukumbini 2020. Walipomwona walisimama kumwamkia. Alizungumza dakika alizopewa, akataja kivuko kilichobomolewa na masika na jinsi vitunguu saumu vyetu vinavyooza kwenye magari yaliyonasa tope, mambo ya kweli tupu. Kura zilipohesabiwa mbele yetu sote, jina lake lilisikika mara chache sana. Wajumbe walimheshimu na hawakumchagua, kwa kuwa waliona hana uwezo wa kufika kata zote, na hawakutaka kura yao ipotee. Nilipoteza usingizi siku ile. Mtu akidhaniwa hawezi kushinda, hashindi, na anayeonekana mshindi huokota hata kura za wasiompenda.

Je, chama kikiona wajumbe au wanachama wamekosea, kikate jina? Mamlaka hiyo vikao vya juu vinayo, na mara nyingine vimeitumia vizuri kwa kuwaondoa waliopita kwa rushwa. Ila ndugu zetu wa Karatu wanakumbuka 1995. Dk. Willibrod Slaa, padri wa zamani, aliongoza kura za maoni za CCM pale, jina lake likakatwa. Akahamia chama cha upinzani cha Chadema, watu wakamfuata, na jimbo hilo alilishika hadi 2010 alipogombea urais. Baba alipoisikia habari hiyo redioni alicheka, akasema Sarwatt amerudi. Na hapa Mbulu, 2010, Philip Marmo aliyekuwa waziri na mbunge wetu wa miaka mingi alipita ndani ya chama, kisha akashindwa na Mustapha Akunaay wa Chadema kwenye uchaguzi mkuu. Kura za maoni zinapima mapenzi ya watu wa nyumba moja. Wakishindwa kusikia kinachosemwa na jirani, wanajipongeza mapema.

Kwa wanawake mizani hii ina uzito mwingine, na hapa nasema kwa uchungu. Mwanamume akichukua fomu huku, ukoo wake unaitana. Mwanamke akichukua fomu, kwao wanasema ameshaolewa, na alikoolewa wanasema si wa ukoo huu. Misibani ndiye anayepika tangu alfajiri, lakini daftari linasoma jina la mume. Kazi ileile inayomjengea kaka yake umaarufu, kwake inahesabiwa kuwa wajibu. Ndiyo sababu wengi wanaishia kusubiri viti maalumu vya UWT. Mary Nagu alishika Hanang vipindi vitatu, kwa hiyo inawezekana, lakini alianza akiwa tayari ana elimu kubwa na uwaziri. Mama wa Tlawi mwenye akili kama yeye na jembe mkononi bado hatujamtengenezea njia.

Mwaka 2025 utaratibu ukabadilishwa tena. Mkutano mkuu wa Januari, Dodoma, ulirekebisha katiba ya chama ili wapiga kura za maoni waongezeke hadi ngazi za chini, na Agosti 4 tukapiga kura. Nilifurahi kuwaona mabalozi wa mashina, watu wanaoamuliwa mambo siku zote, wakishika karatasi za kura. Ukiwa na wapiga kura wengi, bahasha inakuwa ghali, na hilo peke yake ni jema.

Wiki mbili baadaye alinijia binti niliyemfundisha darasa la nne, sasa ni afisa kilimo huko Arusha. "Shikamoo mwalimu. Nataka 2030 nigombee hapa nyumbani. Nianzie wapi?" Nikamwambia aanze na uchaguzi wa ndani wa 2027, agombee hata uongozi wa tawi, ahudhurie vikao visivyo na posho, na misiba asisubiri ya ukoo wake. Akatulia. Kisha akaniuliza kazi yake ya Arusha aiache kwa nani, watoto wasome wapi, na nauli ya kuja Tlawi kila mwezi kwa miaka mitano itatoka mfuko gani. Tulikaa hadi jioni tukipiga hesabu kwenye karatasi, nauli kwa nauli, na jumla yake ilizidi mshahara wake wa miezi kadhaa. Ameichukua ile karatasi. Jumamosi ijayo anakuja kwenye kikao cha tawi, na nauli ya safari hii nimemlipia mimi.